Mwanamke wa Kwenye Kuta za Saluni

Kazi yangu ni kuchora wanawake ukutani. Ukipita Tandale, Manzese au kwetu Kiwalani ukaona saluni yenye kichwa cha mwanamke aliyesukwa twende kilioni, shingo ndefu, hereni za duara, midomo myekundu, huenda ni mkono wangu. Siku hizi wengi wanakimbilia mabango ya kuprinti, lakini jua la Dar linayala. Baada ya miezi kadhaa mwanamke wa kwenye plastiki anageuka bluu kama maiti ya mtu aliyezama. Wangu wanakaa. Kuna mmoja nilimchora kabla sijaoa na mpaka leo anatabasamu, ingawa saluni yenyewe ilishakuwa stoo ya mkaa.

Kwa muda mrefu nilijihesabu kuwa mtu anayewajua wanawake, na nilikuwa na sababu. Anayechora saluni anashinda mlangoni, mgongo kawapa watu, mkono unakwenda, na baada ya nusu saa wanamsahau kama wanavyosahau feni. Nilisikia mengi. Nilijifunza kwamba anayesema "nisuke tu chochote" alishachagua tangu jana. Anayesifia nywele za mwenzake mara moja zimempendeza. Anayesifia mara tatu hazijampendeza hata kidogo. Wanaume nao nimewachora, kwa vinyozi. Mwanamume anaomba umwongezee kifua, mwanamke anaomba umpunguzie tumbo, na wote wawili wanakuomba pua uipitie haraka haraka. Katika kazi hii yote nilikuwa sijakutana na mtu aliyesema, nichore nilivyo.

Siku moja nilikuwa Tandale, jirani na soko, nachora ukuta wa pili wa saluni ambayo ukuta wake wa kwanza nilikuwa nimeuchora mwaka uliotangulia. Mwenye saluni ni dada mmoja mnene, mcheshi, ambaye kicheko chake kilikuwa kinawafanya wapagazi wa viazi nje wageuke. Aliniita ndani.

"Fundi, njoo ukae hapa. Nina swali."

Akafungua simu. Picha ya kwanza ilikuwa ya ukuta wake. Ya pili saluni ya Kiwalani. Ya tatu Boko, alikokwenda kwenye sendoff ya ndugu yake aliyekuwa anaolewa, akapita mbele ya kazi yangu na kupiga breki.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Hakuna mtu hapo, dada. Nimetunga tu kichwani."

"Umemtunga mwanamke mmoja mara tatu?"

Wateja wakageuka. Mmoja aliyekuwa chini ya drai alilisukuma juu ili asikie vizuri, akazipokea picha, akazitazama moja moja kama anayekagua nyanya.

"Huyu mchepuko," akatoa hukumu. "Tena wa muda mrefu."

Saluni nzima ikacheka na mie nikacheka nao, nikarudi kwenye ukuta wangu. Sikuwa na wasiwasi. Kabla sijamaliza kuosha brashi, zile picha zilikuwa zimesharushwa kwenye magrupu, na katika grupu mojawapo alikuwemo mwanamke anayeshonesha nguo kwa mke wangu.

Mke wangu ni fundi cherehani. Anafanyia kazi barazani kwetu, futi ya kupimia shingoni, pini mdomoni, na kioo kirefu cha wateja kimeegemezwa ukutani. Asili yake ni Masasi. Si mtu wa kupiga kelele. Akikasirika, cherehani yake inapunguza mwendo, na anayeishi naye anaweza kujua hali ya hewa ya nyumba akiwa bado kwenye kona ya mtaa. Siku hiyo nilipofika kwenye kona sikusikia cherehani kabisa.

"Chai ipo," aliniambia. Akasubiri ninywe. Kisha akaigeuza simu na kuiweka mbele yangu, juu ya kitambaa cha mtu. Ndege ikapita juu yetu ikienda kutua, ikabidi tusubiri, maana Kiwalani, jirani na uwanja wa ndege, hakuna ugomvi usiokatishwa na ndege. Sauti ilipotulia akauliza kwa upole:

"Huyu dada anakaa wapi?"

Nilicheka. Hilo lilikuwa kosa la kwanza. Kosa la pili ni kwamba nilimweleza mambo ya sanaa: kwamba msanii ana sura yake ya mazoea, mkono unaijua njia, haimaanishi kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho kama anavyomsikiliza mteja anayedai kiuno chake hakijaongezeka. Kisha akaikuza picha kwa vidole viwili.

"Jicho la kushoto liko juu kuliko la kulia. Unaona? Na hapa kidevuni kuna kifereji. Hiki hapa, na hiki cha Boko, na hiki cha Tandale."

"Ni mkono tu umeteleza."

"Baba watoto, mie napima watu kila siku. Mtu akichora gauni kwa kutunga, anaweka mabega sawa. Mabega yasiyo sawa ni ya mtu aliyezaliwa. Kwa hiyo huyu kazaliwa, anakula, anakaa mahali. Nimeuliza tu wapi."

Ukweli ni kwamba hoja yake ilinishinda. Siku zilizofuata hakulia wala hakuacha kupika. Alipeleleza. Akipeleka nguo za mteja Kinondoni, anarudi na picha mbili. Jumamosi alipanda gari mpaka Boko peke yake, akasimama mbele ya ule ukuta, akarudi na picha ya karibu inayoonyesha hata michirizi ya brashi. Mie nikaanza kujitilia shaka. Nilikaa nikiwapitia wanawake wote niliowahi kuwajua: mama mdogo aliyenilea, binti wa darasa la saba aliyenikopesha penseli na mie nikaona amenipenda, muuza maandazi wa Manzese. Hakuna aliyekuwa na jicho lile. Ni jambo la ajabu kushtakiwa kosa, kisha ukajikuta wewe mwenyewe unamtafuta uliyekosa naye.

Majibu yalikuja Jumapili asubuhi. Mke wangu alikuwa barazani anamjaribisha jirani yetu gauni la kitenge, limejaa pini kila upande. Mie niliomba kipande cha kile kioo kirefu ninyoe ndevu. Nilikuwa nimeinua kidevu, nimevuta shavu, wembe mkononi, nikasikia kimya nyuma yangu. Mke wangu alikuwa anazitoa pini mdomoni moja moja.

"Usigeuke," akasema.

Alikuja na simu, akaiweka pembeni ya uso wangu ndani ya kioo.

"Shusha bega. Kaza kidevu. Haya, tabasamu kidogo."

Nikatabasamu. Mke wangu akakaa chini juu ya rundo la vitambaa vya watu na kuanza kucheka, cheko ambalo sikuwahi kulisikia tangu harusi yetu. Jirani naye akaja kwa hatua ndogo ndogo asichomwe na pini, akachungulia.

"Mungu wangu!" akapiga kelele. "Ni baba mwenyewe kasukwa!"

Nilitazama kioo, nikatazama simu. Jicho la kushoto juu, la kulia chini. Kifereji kidevuni, kile kile nilichokuwa nakizungushia wembe. Mwanamke aliyepeleka roho ya mke wangu mpaka Boko alikuwa mie, na hereni za duara masikioni. Nilikuwa nimejichora katika kila kona ya mji huu, midomo myekundu, nywele mgongoni, na wanawake wa Dar es Salaam walikuwa wananyoosha kidole ukutani na kusema, nifanye kama huyu.

Mtaa ulifurahi wiki nzima. Vijana wa bodaboda walinisalimia "mambo sista." Jirani alikuwa akipita anauliza kama leo nimesuka au nimeziachia. Sikuchukia. Kilichonikaa rohoni kilikuwa kingine: miaka yote ile mlangoni mwa saluni, wanawake wamejaa nyuma yangu, nao wanacheka, wanalia, wanasengenyana, na kila nilipopeleka brashi ukutani sikumtoa hata mmoja wao. Nilitoa mtu niliyekuwa namwona asubuhi nikinyoa.

Kicheko kilipoisha, mke wangu akazungusha gurudumu la cherehani kwa mkono, akalisimamisha.

"Tuna miaka kumi na minne ndani ya nyumba hii. Nichore mie."

"Hiyo tu? Kazi ya mchana mmoja."

Nilitafuta kipande cha plaiwudi, nikakipiga msasa, nikakipaka rangi ya chini, nikakaa mkabala naye. Kweli nilimaliza mchana ule ule. Alizunguka akaja kutazama.

"Huyu ni wewe umevaa gauni langu."

Nikafuta. Wa pili alikuwa mie tena, safari hii na uchovu. Wa tatu nikamchora kutoka kwenye picha ya simu.

"Huyu yuko studio, anasubiri pasipoti," akasema.

Uvumilivu ukaniisha. "Sasa kama hutulii nitakuchoraje? Kila saa unainama, kila saa unageuka!"

"Mie sijawahi kutulia miaka kumi na minne. Leo ndo umeona?"

Alisimama, akavua futi shingoni, akaja mbele yangu.

"Funga macho. Nina alama wapi usoni?"

Nilifikiri. "Huna alama."

"Fungua."

Akageuza shingo. Chini ya sikio la kulia, kwenye pindo la taya, palikuwa na kovu dogo la mviringo, linang'aa kidogo. Aliungua na pasi ya mkaa alipokuwa anajifunza kazi, kabla hatujajuana. Upande ule ndio upande wangu wa kitanda.

Hakunisimanga, na hilo liliuma zaidi. Aliniwekea futi kwenye kiganja.

"Sikiliza nikufundishe kazi. Akija mteja, sianzi na ninachokijua. Nikianza na ninachokijua nitamshonea nguo ya mteja wa jana. Naanza na kile ambacho sikijui. We unaanza na macho, maana macho umeshayachora mara elfu. Anza na sikio."

Kwa hiyo nilianza na sikio. Sikio moja lilinichukua siku tatu. Nilijifunza kwamba la mke wangu limelala karibu na kichwa, na kwamba ncha yake inabadilika rangi anapopiga hesabu za kitambaa. Kutoka sikioni nikashuka kwenye kovu, kutoka kwenye kovu nikafuata taya. Sikumtaka atulie tena. Yeye alishona, mie nikachora, na kama kipande kimenikataa nilinyanyuka na futi nikampima, kutoka pua mpaka mdomo, kutoka nyusi mpaka nywele, wateja wakiangalia na kushangaa nani sasa ni fundi nguo.

Na kwa kuwa hakuwa anatazamwa machoni, alizungumza. Siku moja, anapindua kola, aliniambia kitu ambacho hakuwahi kuniambia.

"Baba yangu alikuwa hapendi nimwangalie. Akinikuta nimemkazia macho anasema, angalia chini, una sura ngumu wewe. Nikazoea kuangalia chini. Nadhani ndo maana nilishika cherehani. Ukiwa umeinama hakuna anayekuuliza mbona umeinama."

Mkono wangu ulikuwa kwenye nyusi. Niliusimamisha kidogo, halafu nikaendelea, maana nilihisi nikisema neno atanyamaza.

Ilichukua karibu miezi miwili. Siku niliyomaliza nilimwita, nikajisogeza pembeni. Alisimama mbele ya ubao mikono kiunoni. Mwanamke wa kwenye ubao alikuwa ameinua kichwa kutoka kwenye kazi, kama mtu aliyeitwa ghafla, na alikuwa anamtazama anayemtazama. Mistari miwili kandokando ya mdomo. Kovu mahali pake.

"Umenizeesha."

"Nimeweka kilichopo."

Mie, kwa mazoea ya kazi, nilikwishachovya brashi kulainisha ile mistari ya mdomo. Kwa miaka mingi hivyo ndivyo nilivyokuwa nawafurahisha wateja. Akanikamata kifundo cha mkono.

"Simpendi," akasema. "Lakini ndo mwenyewe. Usimguse."

Tulimtundika barazani juu ya cherehani. Wateja waliuliza kama ni dada yake mkubwa. "Ndiyo," alikuwa akijibu, "huyo ndo anapokea malalamiko ya nguo zilizochelewa." Malalamiko yakapungua, si utani.

Nilidhani basi sasa kuta zote za mji zitapata watu wa kweli. Nilikwenda Kinondoni na michoro yangu mipya, kila mmoja na sura yake. Mwenye saluni akaipitia, akanirudishia.

"Fundi, hawa wanafanana na watu. Mteja atadhani ni fulani, aanze kuuliza fulani ndo nani. Niwekee yule wako wa siku zote. Yule hana ugomvi na mtu."

Nikamwekea. Sioni aibu. Watu kwenye saluni hawaendi kukutana na mtu. Wanakwenda kukutana na walivyotaka kuwa, na kama sura yangu inawafaa kwa kazi hiyo, wapewe. Ila nyumbani nikaendelea na plaiwudi zangu. Jirani wa pini nilimchora, na mwenye saluni wa Tandale alinikalia siku nne akicheka, nikapata kicheko chake mpaka mabegani.

Halafu mama mkwe akaja kutoka Masasi kutibiwa macho. Yalikuwa yamemfunga ukungu. Alikuwa anatembea ameshika ukuta na kuwatambua watu kwa sauti. Wiki nzima alipita chini ya ile picha kwenda uani bila kujua kama ipo. Hospitalini walimsafisha jicho moja, akarudi na kibandiko, na siku ya pili kikatolewa. Asubuhi iliyofuata nilikuwa barazani nakoroga rangi. Alitoka ndani akitazama kila kitu kama mgeni: ndoo, mlango, mikono yake mwenyewe.

"Shikamoo mama," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Kumbe una mvi."

Kisha akainua kichwa, akaiona picha. Alishika fremu ya mlango.

"Huyu mmemtoa wapi?"

"Ni mie huyo, mama," akajibu mke wangu bila kunyanyua macho kwenye kitambaa. "Mkweo ndo kachora."

"Nyamaza. Huyu ni mama yangu."

Cherehani ikasimama. Bibi yule alifariki mke wangu akiwa hajazaliwa, na hakuwahi kupigwa picha hata moja. Mama mkwe alisogea mpaka pua ikakaribia ubao, akatazama mdomo, akatazama macho. Akasema, polepole, "Shikamoo mama," kisha akakaa kwenye kiti cha wateja na kujifuta jicho zima, lile jipya, mpaka nikaogopa ataliharibu.

"Kwani nilifanana naye?" mke wangu akauliza.

"Tangu siku uliyozaliwa. Baba yako alikuja kuoa kwetu, akaishi kwenye uwanja wa mkwewe kama mila yetu ilivyo. Mama yangu alikuwa hamtukani, alikuwa anamwangalia tu. Akichelewa shambani, anamwangalia. Akirudi amekunywa, anamwangalia. Mama akafa, baba yako akashusha pumzi. Halafu ukazaliwa wewe."

Mke wangu alimtazama mama yake, kisha picha. Akakunja kile kitambaa mara mbili, akakikunjua.

"Kwa hiyo hakuwa ananichukia."

"Alikuwa anaogopa, mwanangu. Mwanamume mzima anaogopa mtoto wa miaka mitano. Angemwambia nani?"

Siku ya kuondoka, mama mkwe hakuomba. Alitangaza kwamba anaondoka na mama yake. Mke wangu aliushusha ubao mwenyewe, akauviringishia vitenge viwili na kuushona pembeni usije ukafunuka njiani. Kituoni konda alitaka kuupeleka kwenye buti. Mama mkwe akakataa katakata, akapanda nao, akauweka magotini, ukamfunika mpaka kidevuni, na basi likaondoka hivyo.

Siku ya tatu simu ikaita. Mke wangu aliweka spika kwa sababu mikono ilikuwa kazini.

"Tumemtundika sebuleni," mama mkwe akasema. "Majirani wanakuja kumwamkia. Baba yako amehamisha kiti."

"Amekipeleka wapi?"

"Uani, karibu na kuku."

Mke wangu alicheka mpaka uzi ukakatika. "Mwambie arudi ndani, mama. Mwambie ni mie."

Tulisikia sauti upande wa pili, hatua, kuku, kisha kukohoa. Kwa kawaida mzee yule salamu zake hupitia kwa mkewe.

"Hujambo?" akauliza.

"Sijambo, baba. Shikamoo."

"Marahaba." Akakohoa tena. "Nimeambiwa ni wewe."

"Ndiyo, ni mie."

Kimya kirefu, mpaka nikadhani vocha imeisha.

"Basi umekua," akasema. "Nimeiona picha. Nitakirudisha kiti. Huyo mumeo, mwambie kapatia."

Simu ikakatika. Mke wangu akatunga uzi upya, akainua kichwa, akanitazama machoni, akanieleza ujumbe neno kwa neno, kana kwamba sikuwa nimesimama pale pale. Nikamjibu kwamba najua.